Msiniombee Pumziko Kabla Nywele Hazijafika Mabegani

Nyumbani kwa Bi Nangila,
Buruburu Fezi ya Pili,
Nairobi.
Jumatatu, 11 Aprili 1983

Kwa Mama Mwenyekiti, Bi Teresiah Wacera,
Umoja wa Akina Mama wa kanisa letu.

MINTARAFU: MKASI ULIOINGIA CHUMBANI MWANGU SIKU YA JUMAMOSI

Mama Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote nikiwa kitandani, karatasi nimeilaza juu ya sinia. Utaniwia radhi kwa mwandiko huu. Kwa miaka thelathini na mmoja niliwachapa watoto wa watu vidole kwa mwandiko bora kuliko huu.

Unajua kwamba ninakufa. Si siri. Mmekwisha kugawana nani atapika wali na nani atapika chapati, nami niliwasikia mkibishana sebuleni. Sina neno juu ya hilo, ila Mama Waruguru asipewe wali. Neno langu ni juu ya nywele.

Mwaka jana niliugua homa ya matumbo, nywele zangu zote zikang'oka. Zilipoota tena hazikuwa zile nilizozaliwa nazo. Ni nyeupe, laini, na zina mawimbi. Nikiwa na umri wa miaka sabini na tisa nimepewa nywele ambazo ningetenda dhambi kuzipata nikiwa na ishirini. Sasa zimepita masikio. Ni kweli kwamba ncha zake ni kavu, zimetimka, na asubuhi kila unywele unasimama na msimamo wake kama wazee wa kanisa kwenye uchaguzi. Lakini ni zangu, na ninazikuza. Ndiyo sababu naleta malalamiko yafuatayo.

1. Jumamosi tarehe tisa, wanachama wako wanne walikuja kuniombea. Baada ya wimbo wa pili nilifumba macho kwa ajili ya sala. Nilipoyafumbua, Mama Waruguru alikuwa amesimama kichwani pangu na mkasi wa kukatia vitambaa, beseni likiwa sakafuni. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema, "Tunakutengeneza tu kidogo, Mwalimu. Mchungaji akija kesho na Meza ya Bwana asikupate ukiwa hivi." Nikamwuliza, hivi vipi? Akasema, "Kama mtu ametoroka mahali." Nilimwuma kidole. Ninasikitika sana juu ya tendo hilo, hasa kwa sababu sikuwa nimevaa meno yangu.

2. Dirishani pangu palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi niliyoletewa kutoka Mombasa. Mafuta hayo hutumika kwa kipimo: matone matatu, unayasugua viganjani mpaka yapate joto, kisha unapaka ncha peke yake. Ngozi ya kichwa haiguswi, ina mafuta yake. Wanachama wako walikaangia mandazi chupa nzima. Nilikula mawili. Yalikuwa matamu, jambo linalonizidishia uchungu.

3. Parachichi lililopondwa ndani ya bakuli la bluu halikuwa chakula. Aliyelila kwa chumvi anajijua.

4. Usiku nalalia petikoti yangu ya nailoni niliyouvika mto, kwa sababu foronya ya pamba hunyonya mafuta na kukwaruza ncha mpaka zinakatika. Hilo si siri ya ndoa, ni utunzaji wa nywele. Mama Waruguru aliivua ile petikoti kutoka kwenye mto kwa vidole viwili, akaiinua ili wote waione, akauliza, "Sasa hii nayo ni ya nini chini ya kichwa cha mgonjwa?" Kisha wakaikemea roho ya ujana kwa robo saa. Roho hiyo haikutoka. Ilikuwa imelala.

Walikemea vilevile unga wa majani ya mkunazi ninaooshea nywele mara moja kwa wiki mbili. Mama Waruguru alisema Waislamu huoshea maiti majani hayo. Nilimjibu kwamba basi ninaanza mapema.

5. Sasa nafika kwenye maombi yenyewe. Mwezi uliopita daktari alimwambia binti yangu Nangila, kwa Kiingereza, kana kwamba sikuifundisha lugha hiyo tangu yeye hajazaliwa, kwamba nimebakiza wiki, si miezi. Mimi nimepima kwa rula. Nywele zangu zinakua nusu inchi kwa mwezi, na kutoka zilipo hadi mabegani ni inchi nne. Hiyo ni miezi minane. Tukianza kuhesabu leo, tunafika Desemba.

Mchungaji Wanyoike, kwa nia njema kabisa, kila akija anamwomba Mungu anichukue kwa amani. Wewe na akina mama mnaitika amina kwa sauti ambayo majirani wameilalamikia. Naomba kwa unyenyekevu sala hiyo isimamishwe hadi Desemba. Badala yake ziombewe ncha. Tena yale mafuta ya wagonjwa ambayo Mchungaji hunipaka kwenye paji la uso ayapeleke nyuma kidogo. Paji langu la uso halijakauka. Na ikiwa Mungu ana pingamizi juu ya Desemba, aniambie mwenyewe. Nyumba anaijua, amekwisha kupita hapa mara mbili akabadili nia.

6. Utauliza mwanamke wa umri huu anataka nywele ndefu za nini. Swali hilo ni la haki, na kwa kuwa sitapata nafasi nyingine, nalijibu kwa maandishi.

Msusi anayekuja kila Alhamisi kunitunzia ncha anaitwa Khadro. Ana saluni yake Eastleigh. Nangila alimwita bila kujua lolote. Siku ya kwanza alinitazama kwa muda, akauliza, "Mwalimu, wanikumbuka?" Nikasema simkumbuki. Nilisema uongo. Nilikuwa nimemtambua akiwa bado mlangoni.

Mwaka wa 1961 Khadro alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja katika shule niliyoiongoza. Baba yake, Mzee Burale, aliuza vitambaa. Mtoto huyo alikuwa na nywele za mawimbi hadi mabegani. Ijumaa moja nilimwona kwenye mfereji, ameinama kunywa maji ya bomba. Nywele zikamwangukia usoni, akazirudisha nyuma kwa mkono mmoja bila hata kufikiri. Hilo tu ndilo kosa lake. Nywele zangu mimi hazikuwahi kuzidi urefu wa njiti ya kiberiti, na nilikuwa nimezipaka kila kitu isipokuwa lami.

Jumapili jioni nilikaa mezani nikatunga sheria: nywele za mwanafunzi zisizidi urefu wa njiti ya kiberiti. Jumatatu niliisoma gwarideni nikisema ni waraka kutoka juu. Haukutoka juu. Niliwapima wasichana mia mbili kwa njiti ili nimfikie mmoja. Sheria hiyo ilidumu miaka kumi na miwili, na inspekta mmoja aliisifu katika ripoti yake.

Khadro nilimkata mwenyewe. Hakulia. Aliomba tu apewe zile nywele aende nazo nyumbani. Nilimwambia shule si duka, nikazitupa kwenye moto wa jikoni. Wiki hiyohiyo mwalimu mwenzangu alinieleza kwamba mama wa mtoto alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kwamba ndiye aliyekuwa akimsuka. Ncha, Mama Mwenyekiti, ndiyo sehemu ya zamani kuliko zote katika unywele. Zile ncha zilikuwa zimeshikwa na mama yake. Jambo hilo nimelijua kwa miaka ishirini na miwili, na Meza ya Bwana sikuikosa hata mwezi mmoja.

Alhamisi ya tatu nilimweleza Khadro yote. Alikuwa akinichana kwa kichana cha meno mapana, akianzia nchani na kupanda juu, kama ipasavyo. Nilipokuwa nikieleza, kichana hakikusimama. Nikamwomba msamaha. Akanigusa begani kwa kidole, akasema, "Zangu zilikuwa zinafika hapa. Zako zikifika hapa, tutaongea."

Basi. Hiyo ndiyo Desemba yangu. Urembo siutaki tena, nilikuwa na miaka sabini ya kuutafuta na sikuupata. Nataka inchi nne. Mama Waruguru akikata hata inchi moja ananipokonya miezi miwili, nami miezi sina.

Kwa hiyo naomba kamati yako iamue kwamba mkasi wowote ubaki nje ya mlango huu, hata wa kukatia kucha. Chupa ya mafuta irudishwe ikiwa imejaa. Na wimbo wa kuniaga usifanyiwe mazoezi mahali ninapoweza kuusikia, maana unanishawishi. Na ikitokea nife kabla ya wakati, naomba nisizikwe mpaka Desemba. Watu husema nywele za maiti huendelea kukua kidogo, na mochari ni baridi, hakuna jua wala vumbi la Buruburu, hali ambayo ni nzuri sana kwa ncha. Alhamisi Khadro aruhusiwe kuingia na rula.

Nafunga hapa kwa sababu sinia limeanza kuniteleza. Wasalimie akina mama wote, mabwana zao, wanakwaya, na yule mzee wa kanisa anayelala wakati wa mahubiri, mwambie namwonea wivu. Msalimie Mama Waruguru pamoja na kidole chake.

Ni mimi, mwenzenu katika imani na katika ukavu,

Beldina Wekulo
Mwalimu Mkuu (mstaafu)

Nyongeza, Alhamisi tarehe 14:

Barua hii haikuwa imeondoka, kwa sababu Nangila ameibeba siku tatu katika mkoba wake akiwaogopa ninyi. Leo nimempa Khadro aisome. Alicheka kwenye mandazi. Kwingine hakucheka.

Kisha akanigeuza kuelekea dirishani, akazikagua ncha moja moja. Akasema zimepasuka, na mpasuko unapanda juu. Tusipokata inchi tatu sasa, zote zitakatika zenyewe. Nikamwuliza, na Desemba je? Akanipa rula. Nikapiga hesabu: inchi tatu ni miezi sita, tunafika Juni ya mwaka ujao. Mchungaji ni mtu mvumilivu, lakini hilo hata mimi siwezi kumwomba.

Nikamwambia azikate zote, kama nilivyomkata yeye. Nilitarajia akatae. Hakukataa. Alikata polepole kuanzia mbele hadi nyuma, wala hakuomba radhi, na mimi sikulia mpaka alipofika kisogoni. Alipomaliza alifagia sakafu, akavua viatu, akapanda kitandani akakaa karibu nami, tukaongea mpaka Nangila aliporudi kutoka kazini. Tuliyoyaongea hayahusu Umoja wa Akina Mama.

Kwa hiyo futeni malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza hadi la sita. Mama Waruguru akija aniletee kofia ya sufu, masikio yanapigwa na baridi. Mwambieni Mchungaji aendelee na sala yake ya kawaida. Siku yoyote itanifaa, isipokuwa Alhamisi.

B.W.