Mbuzi Walioonekana Mwezini

Nawaandikia leo leo kabla hamjasikia kwa mwingine. Nimeaibika, tena mbele ya wakwe.

Mwaka wa sitini na moja, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa na shule ikaniishia darasa la pili. Redio nimejifunza kwa kufungua za watu. (Zingine hazikufungika tena. Wenyewe wanajua.)

Hata darubini nimeunda mwenyewe, kwa bomba la maji na vioo vya miwani. Shida ilikuwa kuupata mwezi. Unazungusha bomba mpaka shingo inauma! Kwa hivyo nikaifungia kijicho cha umeme kilichotoka kwa kamera mbovu, betri mbili na kengele. Kikikutana na mwanga mkali kinalia piii, unajua bomba limelenga. Majuzi jioni kililenga mwezi bila kukosea.

Basi leo akaja Mwalimu Kioko na wazee wake. Kijana wangu Mutua anataka kuoa binti yake, Mwende. Mambo ya mahari. Nikawaonyesha zizi: mbuzi watatu.

"Kiangazi kimewamaliza," nikasema, uso nimeukunja vizuri.

(Wengine niliwapeleka jana kwa ndugu yangu Nzioka, ng'ambo ya bonde.)

Wakaamini! Mwalimu akapunguza mahari mwenyewe. Ningenyamaza hapo, ningekuwa mtu. Lakini yeye amesoma, mimi sijasoma, na nilitaka aondoke akijua binti anaingia boma la nani.

Saa kumi jioni mwezi ulikuwa juu ya kilima cha kwa Nzioka, mweupe kama ganda la yai. Nikazungusha bomba polepole. Piii!

"Mwalimu, mwezi huo. Chungulia."

"Wewe mwenyewe hujaangalia."

"Kengele ikishalia, niangalie nini?"

Akainama. Akakaa sana.

"Mzee, huku mwezini kuna mbuzi."

"Mbuzi?"

"Wengi! Wanatembea miguu juu."

Wazee wakacheka. Mimi jasho likanitoka. Darubini yangu hupindua kila kitu, na jua lilikuwa limepiga mabati mapya ya Nzioka. Kijicho kimeacha mwezi, kimefuata mabati!

Nikakimbilia bomba niligeuze. Bibi yangu, aliyekuwa ameleta chai, akaniwahi. Akaweka jicho.

"Baba Mutua! Yule mbuzi wetu mweusi amezaa! Mapacha!"

Wazee wakageuka kulitazama zizi.

Mwalimu akapangusa miwani. "Hongera, mzee. Kumbe kiangazi cha hapa kinazalisha."

"Mwalimu, wacha nikueleze..."

"Utaeleza tukiwa tumekaa. Tunaanza mwanzo."

Tukaanza mwanzo. Mwende atakuja, harusi ipo. Bei siwaambii.

Haya, yule yatima wa darasa la pili leo ana duka la redio, shamba ekari tatu, nyumba ya mawe, ng'ombe wawili na darubini. Mbuzi ni wangapi, muulizeni Mwalimu. Kabla ya kutoka alirudi kwa bomba langu, akawahesabu mmoja mmoja.