Wimbo Wenu Unawaita Ng'ombe Wangu

Minjila, karibu na Garsen,
Februari 1957.

Kwa Bwana Athmani,
Kiongozi wa bendi ya Kipini Nyota Jazz, Mombasa.

Bwana Athmani,

Wengine huandika kwamba wao wazima na wasiwasi uko kwako. Mimi si mzima, na wasiwasi wote uko hapa kwangu.

Jina langu Hirbo. Ni yule mzee wa Kiorma mliyekunywa maziwa yake kiangazi kilichopita, lori lenu lilipoharibika mkienda Lamu kupiga dansi. Mpiga gita wenu, Miraji, aliketi kando ya birika la kunyweshea akinisikiliza nikiwaita ng'ombe waje kunywa maji kwa wimbo wa marehemu baba yangu. Vidole vyake vilikuwa vikichezacheza pajani. Nikadhani mbu. Kumbe mtu anaiba!

Sasa sahani yenu ya santuri imefika Garsen. Maneno mmeyabadilisha, mnamwita msichana aje dansini. Lakini sauti ni ile ile, na ng'ombe wangu Kiswahili hawajui, wanajua sauti tu. Kwa hiyo, kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Bi Mwanasiti, mwenye hoteli ya chai, akifungua gramafoni yake tu, ng'ombe wanaacha malisho. Dimtu, yule mwekundu anayewaongoza wenzake, anatangulia, na wote wanajipanga mlangoni kungoja maji. Nawe ulikuwa mgeni kwetu, mila unaijua: ng'ombe akiitwa kwa wimbo wa maji, lazima anyweshwe. Kumwita kisha kumrudisha na kiu ni kama kumwalika mgeni ukamfungia mlango. Basi Garsen nzima inacheza dansi, na mimi mzee nachota maji mtoni. Wimbo ukiisha wanapiga makofi wanataka urudiwe. Nami narudi mtoni.

2. Wimbo umependwa kupita kiasi. Wavuta kamba wa kivuko wanavuta kwa mdundo wake, kivuko kinakata kiuno katikati ya mto, abiria wanatapika.

3. Mwanangu Guyo ameoa. Mahari, ambayo ni ng'ombe, nilimkabidhi mkwe wetu Kalla ng'ambo ya mto, mbele ya wazee. Siku ya harusi vijana wakaazima ile gramafoni wakaileta kwangu. Lahaula! Mahari yote yakavuka mto kwa kuogelea, yakarudi nyumbani yamelowa. Kalla sasa anatangaza kwamba mimi natoa kwa mkono na kurudisha kwa mdomo. Bibi harusi amekaa juu ya mzigo wake, hajui afungue au afunge.

4. Hili la nne sikutaka kulisema. Jana hoteli ilifungwa, nikasimama birikani nikaimba mwenyewe. Dimtu akanitazama. Akatafuna. Akachungulia nyuma yangu kuona gita liko wapi. Hakuja. Bwana Athmani, ng'ombe huyu nilimtoa tumboni mwa mama yake kwa mikono hii. Nililia, na sioni haya kusema.

Mwizi wa ng'ombe tuliyemzoea huja na mkuki, na nyayo zake tunazifuata. Huyu wa kuja na gita tumfuate wapi?

Naomba basi sahani zote zikusanywe zivunjwe. Watu watungieni wimbo mwingine, na kama kuiba ni lazima, kaibeni kwa wafuga kuku. Mkikataa, nitampelekea D.C. ng'ombe wote mpaka barazani kwake, nao wakidai maji, achote yeye.

Mwalimu Kavumbi, anayeniandikia barua hii, anagonga meza kwa vidole tangu tuanze. Nimemwambia aache. Haachi.

Nisalimie wapigaji wote, hasa yule mnene wa ngoma aliyemaliza maziwa ya jirani. Mke wangu Gumato anawasalimu. Dimtu naye angewasalimu, ila yuko hotelini.

Ni mimi niliyewakaribisha,
Mzee Hirbo

Tanbihi: Barua hii ilikaa ikingoja basi. Wakati huo Bi Mwanasiti alinihurumia, akaifungia sahani kabatini. Garsen ikanyamaza. Ng'ombe wakasimama birikani hawanywi, na mimi mwenyewe chakula hakipiti. Leo nimekwenda kumpigia magoti aitoe. Kwa hiyo msivunje kitu, tafadhali. Ila mwambie Miraji wimbo ameukata kabla ya mwisho. Mwishoni sauti hupanda, na hapo ndipo ndama huitwa baada ya mama zao. Tangu sahani ije, ndama wanabaki wamesimama wanatazamana, hakuna aliyewaita. Njooni muumalizie. Maziwa yapo. Miraji apige gita, na hapo pa ndama nitaimba mimi.