Matabishi ya Mama Adolphine

Mtu anayekunja macho ni mtu anayetaka kununua kitu, ila bado hajajua ni kitu gani. Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya Gauthier, na asubuhi ile, akingojea boti ya Zongwe kwenye ufuko wa Kalemie, alimwona mwanamke mnene juu ya baraza ya ghorofa, ameweka kiganja kwenye paji la uso, amelikunjia ziwa macho mpaka meno yote yako nje.

"Bwana asifiwe," Gauthier alinong'ona, akakaza mkanda wa suruali.

Ni lazima ieleweke kwamba Gauthier alikuwa na darubini moja tu ya maana, na alikuwa ameshaiuza mara nyingi. Aliiuza Kongolo kwa daktari wa ng'ombe. Aliiuza Kabalo kwa mchungaji aliyetaka kujua nani anatoka kanisani kabla ya sadaka. Aliiuza Manono kwa mchimba madini ambaye hakusema anataka kuona nini, na hakuulizwa. Na bado ilikuwa yake. Kila mnunuzi alijaribu ile nzuri, akalipa, akaenda nyumbani na ya plastiki, kwa sababu mifuko ya darubini zote mbili ilifanana kama mapacha. Za plastiki alizinunua kwa jumla. Ile nzuri aliipata kwa Mzungu mmoja mpenda ndege, ambaye Gauthier alimbebea mizigo milimani juu ya Moba mpaka siku mzigo mmoja ulipokataa kurudi kwa mwenyewe. Hiyo ilikuwa shamba lake na ng'ombe wake. Bila hiyo, Gauthier alikuwa mdomo mtupu.

Aliwauliza wapagazi kidogo, akapata habari zote. Yule juu ni Mama Adolphine, mwenye depo iliyo chini ya ghorofa hiyo. Riziki yake ni boti zinazoleta saruji, sukari na mafuta kutoka Kigoma. Atakayezifikia kwanza ndiye anayesema bei, na wa pili humeza mate. Kwa majuma mengi sasa wa kwanza alikuwa Papa Prospère, jirani wa ng'ambo ya barabara, na Mama Adolphine alikuwa amemeza mate ya kutosha. Namba yake ya simu ilikuwa imechorwa kwa rangi mlangoni. Gauthier akapanda mlima mpaka mlangoni hapo, akaipiga palepale, na baada ya kujitaja jina na maneno machache yenye sukari akaambiwa apande ghorofani.

Alimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, nyuma yake wanawake wanne wanapanga magunia ya sukari. Alimtazama Gauthier kuanzia viatu, jambo ambalo si dalili njema.

"Ile mufuko yako iko na nini?" aliuliza, akionyesha begi kubwa begani mwake.

"Chakula yangu tu, Mama. Bukari na ndagala. Mi niko musafiri." Ndani ya begi, bila shaka, kulikuwa na darubini ya plastiki. Ile nzuri ilikuwa mkononi, katika mfuko wake mweusi, nayo akaitoa taratibu kama padri anayetoa mkate.

Hapa Gauthier alifanya alichofanya siku zote: alisema kweli. Alikuwa na kipaji cha uongo, lakini aliamini kwamba uongo mkavu unakwama kooni, na kwamba hakuna kitu kinachouteremsha kama ukweli. Zaidi ya hayo alipenda kusikilizwa, na huo ndio ulevi uliowamaliza wengi kabla yake.

"Mama, batu ba uongo banauza jimeli kama hii kwa namba kubwa. Banakwambia inavuta mara mia! Ukivuta mara mia, hata pumzi yako inatikisa picha, utaona ziwa yote inacheza rumba. Ya kweli inavuta mara nane, mara kumi, basi. Shika hii. Unasikia uzito?"

"Ninasikia."

"Kioo njo inaleta uzito. Ya plastiki ni nyepesi kama ahadi ya uchaguzi. Sasa itikise."

Mama Adolphine akaitikisa. Kimya.

"Umeona? Ya kweli inanyamaza. Ya uongo iko na vitu vinacheza mu tumbo. Sasa angalia kule ziwani. Hapana, Mama, usiangalie katikati! Katikati kila kitu iko muzuri, hata jimeli ya mutoto. Mujinga anaangalia katikati, mwenye akili anaangalia pembeni. Uongo inajificha pembeni."

Mama Adolphine akaangalia pembeni. Kulikuwa na boti mle, ambayo macho matupu yaliiona kama doa. Aliona mifuko ya saruji imepangwa mbele na madumu ya mafuta nyuma. Aliona nahodha akijikuna pale ambapo nahodha hujikuna akidhani yuko peke yake na Mungu. Kisha akaigeuza kwa Papa Prospère, aliyekuwa barazani kwake anachokonoa jino, akacheka cheko fupi lililomfurahisha Gauthier mpaka vidole vya miguu.

"Bei?"

Gauthier akataja dola mia tatu. Mama Adolphine akataja mia moja. Gauthier akamtaja mama yake mzazi, mgonjwa, na watoto wasiokuwepo. Mama Adolphine akataja mia moja. Gauthier akafuta chozi moja la jicho la kushoto, akakubali. Kwa plastiki ile mia moja ilikuwa arusi.

Akairudisha darubini kwenye mfuko wake, akainama kwenye begi kutafuta kitambaa cha kufutia vioo, na alipoinuka mfuko mweusi mkononi mwake ulikuwa ule pacha.

"Usiifungue mpaka jioni, Mama. Kioo inapaswa kuzoea hewa ya nyumba."

Mama Adolphine akachomoa kifuani noti moja ya dola mia iliyokunjwa. Gauthier akaikunjua, akamtazama yule mzee aliyechorwa katikati yake, akaridhika naye, na angeendelea kutazama kama Mama Adolphine asingekuwa, wakati uleule, ameupima mfuko kwa mkono, kisha akauinua karibu na sikio na kuutikisa.

Kra-kra, ulisema mfuko.

Gauthier akaitia noti mfukoni bila kuiangalia tena. Akatazama ngazi. Kwenye ngazi walikuwa wamesimama wale wanawake wanne, na mabega yaliyobeba sukari miaka mingi hayahitaji kuelezwa. Wahenga walimpa mwizi siku arobaini, lakini hawakusema zinahesabiwa kuanzia lini, na Gauthier aliogopa kwamba hesabu yake imekwisha.

Mama Adolphine akatabasamu. "Muzuri sana. Na matabishi yangu?"

Biashara ya Kalemie haiishi kwenye malipo, bali kwenye nyongeza. Muuza ndagala huongeza kiganja kimoja, muuza mafuta huongeza tone, na asiyeongeza hutangazwa mpaka stesheni. Gauthier alimshukuru Mungu kwa mila nzuri kama hiyo, akanyoosha kitambaa.

"Kitambaa niko nazo. Nipatie ile chakula yako."

"Chakula?"

"Ile ya mu begi. Si ulisema bukari na ndagala? Tangu asubuhi sijakula kitu."

"Mama, imelala. Imeharibika."

"Tumbo yangu imezoea."

"Ee, Papa!" alisema mmoja wa wale wanne, akipanda ngazi moja. "Unamukatalia Mama chakula? Kwenu banafanyaka hivyo?"

Gauthier aliona wazi mahali alipo. Akisema si chakula, begi litafunguliwa, na kitakachobaki kwake hata mchungaji wa Kabalo hatakubali kukizika. Akisema ni chakula, lazima akitoe. Alivua begi begani kama mtu anayevua ngozi. Iliuma, alitaka kulia kweli safari hii, na kwa macho yote mawili.

Mama Adolphine akalipima begi mkononi, wala hakulifungua. "Bukari ya uzito hii! Aliyekupikia anakupenda. Safari njema, mutoto yangu."

Gauthier alishuka mlima bila kugeuka nyuma, akijifariji kwamba angalau mia moja ipo. Boti ya Zongwe ilikuwa bado imefungwa. Kyungu, mkusanya nauli mwenye kofia nyekundu, akaipokea noti, akaiinua juani, akapitisha kidole gumba kwenye kingo zake kama kila Mkongomani aliyelelewa vizuri. Kidole kikasimama.

"Imepasuka." Ulikuwa mpasuko mdogo, usiotosha kupitisha kucha ya mtoto, na ulitosha. Dola iliyopasuka haitakiwi dukani wala benki, na kanisani huipokea kwa kukunja uso. "Papa, shuka."

Simu ikalia, kabla Gauthier hajapata nafasi ya kuitoa kadi ya simu, ambayo alizoea kuitupa baada ya kila mauzo.

"Gauthier, mutoto yangu. Mutu wa kofia nyekundu anakurudishia feza? Imepasuka, njo vile? Ile noti Prospère alinipatia mwezi jana, mi pia niliangalia katikati." Alipumua kwa raha. "Jimeli yako ni ya kweli kabisa. Hata pembeni ninaona muzuri."

Gauthier akatazama baraza kule juu, amekunja macho mpaka meno yako nje. Hakuona kitu.

"Mama, sasa mi nifanye nini?"

"Panda huku. Hii ya kra-kra nitamuuzia Prospère leo. Mi sijue kuisema, weye unajua. Utamuangalisha na yangu, utamupatia yake."

"Na mi nitapata nini?"

"Chakula. Ya kweli, safari hii." Nyuma yake wale wanawake wanne walisikika wanacheka. "Lakini Gauthier, ile somo ya pembeni, usimufundishe."

Gauthier akaikunja noti yake, akaanza kupanda mlima.