Malalamiko ya Fundi Cherehani Kuhusu Matundu ya Sindano

Kwako Mwalimu wa darasa la binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya soko, baba wa yule msichana mrefu wa dawati la mbele. Nakuandikia kwa heshima zote, ila nimekasirika. Tangu uwafundishe watoto kupima madai kwa ushahidi, nyumbani kwangu neno langu halipiti bila kukaguliwa. Binti anadai macho yangu yameharibika. Mimi nasema ni mazima kabisa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimweleza kwamba siku hizi viwanda vinatoboa sindano matundu madogo ili kubana matumizi. Akachomoa sindano ya miaka kumi iliyopita, iliyochomekwa kwenye kalenda ya zamani ukutani, akaniomba niitie uzi. Nilishindwa. Nikasema hiyo nayo imesinyaa kwa baridi. Hata mimi niliona aibu kidogo.

2. Nikatoa ushahidi wa ukoo: marehemu baba yangu alishona mpaka uzeeni bila miwani. Badala ya kunyamaza kwa adabu, akauliza ni nani aliyekuwa akimtilia uzi. Ilibidi nikiri kwamba ni mimi. Hayo ni maswali ya kumuuliza mzazi?

3. Nikasema wateja wangu wote wanaisifu kazi yangu. Akavuta kigoda, akakaa, akasema taratibu: "Baba, umewauliza waliobaki. Waliohama hawapo hapa wakujibu." Akaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, akawakuta kumi na mmoja waliokuwa wateja wetu.

4. Hili ndilo lililonimaliza. Alinishikisha vipande kumi vya uzi, vyeusi na vya buluu iliyokolea, nivitaje rangi. Nilipatia vinne. Kisha akairusha sarafu mara kumi ibashiri rangi hizo hizo, upande mmoja nyeusi, wa pili buluu, na sarafu ikapatia sita. Mwalimu, nimeshona miaka thelathini na moja, leo nashindanishwa na sarafu na sarafu inanishinda. Nikadai ina upendeleo. Akanipa niirushe mwenyewe. Ilianguka, sikuona ilipoangukia.

Kwa hiyo naomba somo hilo lifutwe, au wafundishwe wale tu ambao wazazi wao hawakosei.

Kuna jambo sijamwambia binti yangu, nalo nakuomba ulitunze. Naogopa. Sijui kazi nyingine yoyote, na fundi asiyeona uzi sijui anaitwa nani.

Nisalimie walimu wenzako wote, na mwalimu mkuu, na mlinzi wa getini niliyemshonea suruali. Kama mguu mmoja umezidi mwingine, mwambie ndio mshono wa kisasa.

Wako katika kutafuta ukweli, isipokuwa huu,

Fundi wa nyuma ya soko

Tanbihi: Barua hii ameiandika binti yangu, mimi nikimtamkia, kwa kuwa madaftari ya siku hizi yana mistari hafifu mno. Nilijisahau kwamba anayeandika ni yeye. Tulipofika pale pa kuogopa aliweka kalamu chini, akanishika mkono, kisha akaandika kama nilivyosema bila kupunguza neno. Basi naomba umpe ruhusa Jumatatu asubuhi anisindikize kwa daktari wa macho. Jioni hii amenitilia uzi kwenye sindano sita, za kunitosha mpaka siku hiyo.