Furaha Mara Sita kwa Siku

Idara ya Furaha Kazini ilitangaza, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba kuanzia Jumatatu furaha ya wafanyakazi ingepimwa mara sita kwa siku. Simu italia, mfanyakazi ataacha alichoshika, atabonyeza namba kati ya sifuri na mia, atataja alipo, kisha ataendelea kufurahi. Majibu yote ni siri. Kila mtu alipewa namba badala ya jina, na orodha ya majina ikafungiwa kwenye bahasha kwa katibu muhtasi.

Baada ya miezi miwili Idara ilikuwa na majibu elfu hamsini na hakuna aliyejua ayafanyie nini. Ikatafutwa kozi ya takwimu, vijana wa ofisi wakaikwepa. Mmoja alimzika shangazi yuleyule mara mbili. Akapelekwa mtunza majalada, aliyebakiza miezi minane astaafu, ambaye wote walimwita Bibi Jalada. Sababu rasmi ilikuwa kumjengea uwezo. Ukweli ni kwamba siku ya uteuzi hakuwepo kikaoni kujitetea.

Wiki ya kwanza alitoka kapa. Mwalimu wake, kijana mwenye subira, alivuta kiti akakaa kando yake.

"Umekwama wapi, Bibi?"

"Mwanangu, naona namba tu. Zimejaa kama siafu."

"Basi tuanze na mtu mmoja. Usimlinganishe na jirani yake. Mlinganishe na yeye mwenyewe, alivyokuwa saa nne na alivyo saa tano."

"Ala! Ndivyo nilivyolea wanangu wanne. Kila mmoja na kilio chake. Huwezi kujua huyu anaumwa kwa kumsikiliza yule."

"Hiyo ndiyo kozi yenyewe, Bibi. Iliyobaki ni hesabu."

Hesabu zilimtoa jasho, lakini aliziweza.

Aliporudi alikuta Mkurugenzi hakumsubiri. Alikuwa ametafuta wastani mwenyewe, akagundua kwamba wanaokwenda sana chumba cha chai ndio wenye furaha kidogo kuliko wote. Hivyo chai inahuzunisha. Mpika chai aondoke mwisho wa mwezi.

Mpika chai, mama mwenye goti bovu ambaye humpozea chai mhasibu kila jino linapomsumbua, alikuwa akivifunga vikombe vyake kwenye magazeti.

"Mbona mapema, dada?" Bibi Jalada aliuliza.

"Nikingoja siku yenyewe nitalia mbele za watu."

Kesho yake Bibi Jalada alisimama mbele ya kamati, akatundika ukutani karatasi yenye mistari, kila mtu na mstari wake.

"Mheshimiwa, wanaokunywa chai sana ni watu wa dirisha la malalamiko. Hao wanatukanwa tangu asubuhi, wako chini hata maji hayajachemka. Lakini mtazame kila mmoja peke yake. Akitoka kunywa chai, amepanda."

Mkurugenzi alivaa miwani. "Na hapa saa nane na robo, mbona wote wanaporomoka?"

"Hapo ndipo unapopita kutuhamasisha kwa hotuba, Mheshimiwa."

Mhasibu alikohoa, na hakuwa na kikohozi.

"Ni uchovu wa mchana tu huo!" Mkurugenzi alisema.

"Wiki uliyosafiri hawakushuka."

"Basi ni hujuma! Nani anashuka kuliko wote?"

"Namba mia tisini na tatu. Huyo huanza kushuka saa saba, hata hujatoka ofisini kwako."

"Sijafungua mdomo ameshanuna! Huyo ndiye mchochezi. Katibu, andika: mia tisini na tatu ahamishiwe stoo miezi mitatu, asihutubie mtu wala asihutubiwe. Na chai ibaki, tusije tukaambiwa tunaonea watu."

Kamati ilipitisha kwa kauli moja. Muhuri ukagongwa.

"Sasa fungua bahasha."

Katibu muhtasi alifungua, akasoma, akairudisha karatasi ndani polepole.

"Soma kwa sauti!"

"Ni wewe, bosi."

Mkurugenzi alivua miwani. "Waraka ulisema ni siri," alisema kwa sauti ndogo.

Bibi Jalada alimsogezea kiti. "Kumbe hata wewe huzipendi hotuba zile, baba?"

"Kila siku saa saba huanza kutafuta kisingizio cha kutotoka. Lakini ratiba ni ratiba."

"Aliipanga nani?"

"Mimi."

Uamuzi uliogongwa muhuri hutenguliwa na Mkurugenzi peke yake, akiwa ofisini kwake, na Mkurugenzi sasa alikuwa wa stoo. Alikwenda mwenyewe, amekumbatia mto wa kiti chake. Mpika chai alivifungua vikombe, akampelekea cha kwanza.

Saa nane na robo simu ililia stoo. Mia tisini na tatu alibonyeza tisini na moja, furaha kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana katika Idara, na taarifa ya robo mwaka ikaandika kwamba mkakati wa Mkurugenzi umefanikiwa.