Wakazi wa Nje wa Manispaa ya Kerrabin

Manispaa ya Kerrabin ina furaha kuwatangazia wakazi wake, washirika wake wa maendeleo na majirani wake wenye dharau kwamba hatimaye imefanikiwa kupata watu wasio na makazi.

Tangazo hilo niliandika mimi mwenyewe, Colin Prideaux, Afisa Mwandamizi wa Nyua za Nyuma, na sioni sababu ya kulionea haya. Kwa miaka mingi sisi tulikuwa manispaa pekee kusini mwa Adelaide, hapa Australia, isiyokuwa na mtu hata mmoja anayeishi nje. Wenzetu wa ng'ambo ya reli walikuwa nao tele, na serikali ya jimbo ikawapa magari, washauri na chakula cha mchana. Sisi kwenye mikutano ya jimbo tulikalishwa karibu na mlango wa choo. "Nyie huko mna tatizo gani?" walituuliza. Tukajibu kwamba nyasi zetu zimekatwa vizuri. Wakacheka mpaka wakashika meza.

Mkurugenzi wetu, Bwana Graham Treloar, hakuweza kuvumilia aibu hiyo. Alikuwa akirudi ofisini anasimama dirishani na kuangalia barabara, akitumaini kuona mtu amelala kwenye benchi. Akitokea mmoja, anakuta ni mtu anasubiri basi.

Ndipo siku moja ya mwezi wa tisa, Bi Evdokia Karvelas akaja kaunta.

Bi Evdokia ni mama wa Kigiriki mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Mumewe, Pantelis, alikuwa fundi vigae kabla ya kustaafu, na wiki hizo alikuwa ametoka hospitali kupasuliwa moyo. Daktari alimwambia asibebe kitu kizito na asikae kwenye joto. Hilo la pili lilikuwa gumu, maana nyumba yao ni ya matofali mekundu, na kiangazi chetu kikishaingia ndani ya matofali hakitoki mpaka mwezi wa nne. Kwa hiyo Pantelis aliamua kutengeneza baraza nyuma ya nyumba: sakafu ya mawe, jiko la kuchomea nyama, meza ndefu, na juu yake pergola, yaani nguzo na mihimili mitupu ya kupandishia mzabibu.

"Mwanangu," akaniambia, "tunataka kuishi nje."

"Samahani mama, mnataka nini?"

"Kuishi nje! Husikii? Mimi na mzee wangu. Wenzetu wote siku hizi wanaishi nje."

Nyuma yangu Bwana Treloar alikuwa anakunywa kahawa. Sikuwahi kumwona akiweka kikombe chini taratibu kiasi kile. Akasogea.

"Mama, mmeamua wenyewe? Hakuna aliyewalazimisha?"

"Anilazimishe nani? Nina umri wa kulazimishwa mimi?"

"Mtakula huko nje?"

"Tutakula, tutakunywa, tutagombana."

"Na kulala?"

"Mzee atalala mchana. Joto likizidi na usiku tutalala wote. Kijijini kwetu tulilala nje kiangazi kizima, na hakuna aliyekufa."

"Na ndani ya nyumba?"

"Ndani kuna nini, baba? Joto tu."

Bwana Treloar akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kibali kikatoka siku hiyohiyo. Wananchi wanaojua kwamba kibali cha banda la mbwa huchukua majira mawili ya mwaka wataelewa uzito wa jambo hili.

Ujenzi ulikwenda vizuri sana, nami nilihudhuria mara kwa mara kwa niaba ya taifa. Pantelis alilaza mpira wa kumwagilia juu ya nyasi ili kuona ukingo wa baraza utakavyopinda, kisha akatoa viti vya jikoni na kumkalisha mkewe, akapita nyuma yake ameshika sinia tupu.

"Napita?"

"Unapita, ila tumbo linanigusa."

"Basi tuongeze hatua moja."

Aliwaambia mafundi wainamishe sakafu kidogo kuelekea bustanini, maji ya mvua yasirudi mlangoni. Upande wa magharibi, ambako jua la alasiri huingia bila hodi, aliwekesha ukuta wa fito. Mzabibu ulikuwa bado mche, kwa hiyo juu ya mihimili akatandaza mikeka ya matete mpaka utakapokua. Kila aliponyanyua jiwe, Bi Evdokia alipiga kelele kutoka jikoni, "Pantelis! Moyo!" naye analiweka chini kama mwizi.

Walipokula chakula cha kwanza chini ya pergola hiyo, Pantelis alivua kofia, upepo wa ghubani ukampiga kichwani, akafumba macho. Bi Evdokia alimtazama, kisha akageuka haraka kugeuza soseji ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

Nilichagua wakati huo kuwapa taarifa rasmi.

"Manispaa inawapongeza," nikasema, "kwa kuwa watu wa kwanza wa Kerrabin wanaoishi nje. Na kwa kuwa mnaishi nje, nyumba yenu sasa haina mtu. Nyumba isiyo na mtu iko chini ya uangalizi wa manispaa."

"Nyumba ipi?" akauliza Pantelis.

"Hii hapa."

"Wewe una homa?" Bi Evdokia akainuka na koleo la nyama mkononi. "Mimi ndiye mtu wa nyumba hii!"

"Uko nje, mama."

"Nimetoka kuchoma soseji!"

Pantelis aliweka mkono kifuani. Uso wake ulikuwa umepauka. "Vile vigae vya ukumbini," akasema polepole, "niliviweka kimoja kimoja, mwaka aliozaliwa binti yetu Despina. Akajifunza kutambaa juu yake. Mnataka kuvifanyia nini?"

Nilijisikia vibaya kidogo, hali ambayo utaratibu wetu unaruhusu kwa afisa wa ngazi yangu. Nikamweleza kwamba anaweza kukata rufaa. Despina, ambaye ni wakili Melbourne, alipiga simu na kututukana kwa lugha mbili, akapewa tarehe ya mwezi wa tatu.

Uangalizi wa nyumba ulianza keshoye. Aliyejitolea ni Bwana Treloar mwenyewe, maana jikoni kwake kulikuwa kumebomolewa akisubiri kibali cha ukarabati kutoka ofisi yetu, na ofisi yetu haina upendeleo. Akaja na masanduku yake, akaingia chumba cha mbele. Tangu hapo Bi Evdokia akitaka chumvi kutoka kabatini kwake alibisha hodi mlango wa nyuma.

"Una miadi, mama?"

"Nina chungu kinachemka, Graham!"

"Andika maombi. Chumvi tutaijadili."

Wiki moja kabla ya Krismasi joto likashuka kama linavyoshuka huku, la kupinda mabomba ya plastiki. Kanuni ya nyumba tupu inasema madirisha yafungwe na umeme ukatwe. Bwana Treloar aliiandika kanuni hiyo mwenyewe, akiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Siku ya kwanza alitoka nje kukagua nguzo. Siku ya pili alikagua kivuli, na ukaguzi ukachukua alasiri nzima. Siku ya tatu alitoka na fulana na kaptula, jasho likimtiririka, akasimama karibu na jiko ambako pweza na mbavu za kondoo zilikuwa zinaiva.

Pantelis akamwangalia. "Evdokia, mpe sahani huyu."

"Huyu? Aliyeninyima chumvi yangu?"

"Atatufia hapa, halafu tutaambiwa tujaze fomu ya maiti."

Akampa sahani imejaa. "Kaa. Kula. Ila usinisemeshe."

Akakaa, akala, hakumsemesha. Kesho yake akatoa godoro.

Sasa, Mheshimiwa Meya Noelene Hockridge hakujua lolote kuhusu godoro. Alichojua ni kwamba uchaguzi uko karibu, na kwamba manispaa yake ina watu wanaoishi nje. Akaamua kuwatembelea na kuwagawia mablanketi, mbele ya kamera za televisheni, moja kwa moja hewani. Nilimwambia kwamba hali ya hewa ni ya kukaanga yai barabarani. Akanijibu kwamba huruma haina msimu.

Tulipoingia uani, tulikuta Bi Evdokia anakata tikitimaji, Pantelis anacheza karata peke yake, na katikati yao, amelala chali mdomo wazi, Mkurugenzi wa manispaa.

Mtangazaji akamwinamia na kipaza sauti. "Bwana, pole sana. Umeishi nje kwa muda gani?"

Bwana Treloar akafungua macho. Akaiona kamera, akamwona Meya. Akisema anaishi ndani, nyumba haikuwa tupu kamwe, na yeye ni mvamizi. Akisema anaishi nje, basi anaishi nje.

"Si muda mrefu," akasema.

Meya ni mwanasiasa mzoefu. Akamfunika blanketi mpaka shingoni, akambusu paji la uso. "Tuko pamoja nawe," akasema. Jasho la Mkurugenzi likaonekana nchi nzima.

Mtangazaji akahamia kwa Bi Evdokia. "Na wewe mama, maisha ya nje yamebadilisha nini?"

"Kwanza sipati chumvi. Pili, kodi ya jengo sidaiwi tena."

"Hata kidogo?"

"Nidaiwe ya nini? Manispaa imesema nyumba haina mtu. Mimi naishi nje."

Meya akacheka kwa adabu. Nadhani hakusikia vizuri. Wananchi walisikia.

Asubuhi foleni ilianzia kaunta yetu ikazunguka jengo mpaka uwanja wa kriketi.

"Sisi tunaishi nje tangu mwaka juzi," akasema wa kwanza. "Waulize mbu."

"Unakula nje?"

"Kila siku. Mke wangu hataki harufu ya samaki ndani."

"Unalala nje?"

"Nikichelewa kutoka baa, ndiyo."

Masharti yalikuwa yametimia, na masharti tuliyaweka sisi. Mwisho wa wiki, Kerrabin nzima ilikuwa inaishi nje. Serikali ya jimbo ikatuletea magari matatu, pongezi na chakula cha mchana. Tatizo dogo likawa nyumba tupu, ambazo zilizidi idadi ya maafisa wa kuziangalia. Nikapendekeza kila nyumba iangaliwe na raia anayeishi nje aliye karibu nayo zaidi. Pendekezo likapita. Bi Evdokia Karvelas akateuliwa mwangalizi wa nyumba ya Bi Evdokia Karvelas. Nilimkabidhi funguo kwa mkono wangu.

Pantelis alivua viatu mlangoni, akatembea ukumbini miguu mitupu, polepole, akivipapasa vigae kwa vidole kama anavihesabu. Kisha akarudi nje kukaa, maana ndani kulikuwa na joto.

Aliyebaki ndani ya nyumba, katika manispaa yote, ni Mheshimiwa Meya, ambaye hapendi nzi na ana ukumbi wa chakula wenye kinanda. Na kwa kuwa sheria inagawanya gharama za manispaa sawasawa kati ya wakazi wa ndani, bili ya taa za barabarani, ya takataka, ya maktaba na ya magari yale matatu ikapelekwa kwake.

Alikuja kwa akina Karvelas mchana wa jua kali, hana kamera.

"Bwana Pantelis," akasema, "nataka unichoree pergola. Haraka."

"Nitakuchorea, Mheshimiwa. Ukumbi wako unaelekea wapi?"

"Magharibi."

"Utaungua. Lakini kuchora ni kazi rahisi. Kibali je?"

Meya akanigeukia. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba kibali husainiwa na Mkurugenzi peke yake. Sote tukamgeukia Bwana Treloar, aliyekuwa mwisho wa meza, na fulana yake, mbele ya beseni la viazi.

"Graham," akasema Meya, "sahihi tu. Nakuomba."

"Ningependa, Noelene," akajibu, akimenya. "Ila Mkurugenzi lazima awe mkazi wa ndani. Umenitangaza wa nje mwenyewe, hewani, ukanibusu."

Mafuta yakachuruzika kwenye jiko la nyama.

Bi Evdokia akavuta kiti kwa mguu, akatafuta kisu kingine, akamwekea Meya mkononi.

"Kaa kivulini, mama, usije ukazimia kwangu," akasema. "Na maganda yawe membamba."