Macho, Masikio na Vidole vya Mwaka wa Kwanza

Jumatatu, 4 Machi
Miaka yote hii nafundisha anatomia, leo ndiyo nimejua kwa nini wanafunzi wangu husinzia. Si mimi! Nimesoma kwamba wengine hujifunza kwa macho, wengine kwa masikio, wengine kwa mikono. Ajabu! Mwisho wa wiki mkuu wa kitivo ataamua nani aachiwe mwaka wa kwanza: mimi, au mwenzangu wa fiziolojia, ambaye wanafunzi humpigia makofi hata akikohoa. Namwita Makofi. Atakiona cha mtema kuni.

Jumanne, 5 Machi
Darasa nimeligawa mafungu matatu. Macho: picha tu, bila neno. Masikio: gizani, mapazia chini, nawasimulia. Vidole: vitambaa usoni, wanapapasa viungo vya plastiki. Mke wangu, mwalimu wa chekechea, kauliza kama na yeye awafunge watoto vitambaa ndipo wajue kuhesabu. Nabii hakubaliki kwao.

Jumatano, 6 Machi
Macho wanaitambua bandama toka mlangoni, ila kuitaja hawajui. Mmoja wa Vidole kapapasa ini, kasema ni kiatu. Masikio wamelala fofofo. Nisingejua, kama si kukoroma. Makofi kachungulia lile giza, kanipa pole ya msiba. Nikamwambia huu ni utafiti. Kacheka mpaka akashika ukuta. Tumbo linanisokota kwenye kitovu. Hasira hiyo.

Alhamisi, 7 Machi
Si hasira. Maumivu yamehamia chini, upande wa kulia. Nimeanguka darasani, mafungu yote yakiwepo. Bahati iliyoje! Nikaamuru wanichunguze, kila fungu kwa njia yake. Macho wakaona jasho na nilivyojikunja. Masikio wakauliza maumivu yalianzia wapi. Vidole wakabonyeza, wakaachia. Mama yangu wee! Kisha, bila ruhusa yangu, wakaanza kuambiana. Mafungu yakavurugika kabisa. Msichana mmoja wa Masikio akainama, akasema, "Samahani, Profesa, hiki ni kidole tumbo. Tusichelewe." Aliyenibeba mgongoni hadi wodini ni Makofi. Aibu!

Jumamosi, 9 Machi
Nimepasuliwa. Niko hai. Daktari kasema tungechelewa kidogo tu, leo ningekuwa marehemu. Mkuu wa kitivo kaja na uamuzi: mwaka wa kwanza tutaufundisha pamoja, mimi na Makofi, maana wanafunzi walipounganisha macho, masikio na mikono ndipo walipojua. Makofi kanishika mkono, machozi yanamlenga. Mke wangu kanirekebishia mto, kaniuliza, "Umeona sasa, baba watoto?"

Nimeona! Tangu asubuhi nalifikiria jambo moja. Yule msichana alipoinama, kabla hajasema, alikunja pua. Alinusa! Kosa langu ni kwamba mafungu yalikuwa machache.

Nimemwomba muuguzi asikitupe kidole tumbo changu. Fungu la Pua litahitaji pa kuanzia.